Ziara ya Chanika

Kazi ya Adelina Romani ilikuwa kuwapangia wageni wa meli za kitalii mambo yao ya nchi kavu: watalala wapi kabla ya kupanda meli, na meli ikifunga gati Dar es Salaam watatembezwa wapi na kurudishwa salama. Aliifanya kazi hiyo katika ofisi ndogo ya Bi Kubra, mama wa Kikhoja aliyeachiwa biashara na marehemu mumewe, ghorofani mjini, kwenye jengo la zamani ambalo ngazi zake zilinukia udi asubuhi na samaki wa kukaanga mchana.

Wageni wa meli wana shida yao. Wanashuka asubuhi wakitaka kuuona mji mzima, na jioni lazima wawe wamerudi ndani, kwa kuwa meli haimsubiri mtu. Adelina alikuwa na kipaji cha kuikunja siku ikatosha. Makumbusho kwanza kabla jua halijawa kali, halafu Kariakoo, halafu vinyago vya Mwenge, chakula karibu na bahari, na juu ya yote hayo muda wa kukaa kwenye foleni, ambao wapangaji wengine husahau kuuweka. Hakuwahi kumwacha mgeni nyuma hata siku moja, na Bi Kubra alipenda kuwasimulia watu jambo hilo kana kwamba Adelina ni binti yake wa kumzaa.

Kijerumani kilichompatia kazi alikiokota Mwenge. Baba yake, Mzee Romani, alikuwa Mmakonde wa Ndanda aliyekuja Dar akiwa kijana na patasi zake ndani ya mfuko wa kaki, akachonga mpingo hadi mgongo ulipogoma. Adelina alikulia kando ya kibanda cha baba pale Mwenge, akifuta vumbi vinyago na kuzungumza na Wajerumani kwa maneno yao wenyewe, huku mdogo wake Benjamin akilala ndani ya boksi lenye maranda. Baadaye mzee alihamia Chanika na mkewe, Mama Demetria, wakajenga, wakapanda mihogo na minanasi. Adelina, ndoa yake ilipovunjika, alipanga vyumba viwili Gongo la Mboto, katikati ya kazini na kwa wazee. Benjamin alikwenda Ujerumani kusomea ufundi wa mitambo. Akamaliza, akapata kazi, akaoa mwanamke wa huko aitwaye Anke, na hakurudi tena.

Mama Demetria alipigwa na kiharusi, akalala kitandani karibu mwaka mzima. Aliyemgeuza, aliyemwosha na aliyemlisha uji kwa kijiko ni Adelina, akitoka kazini moja kwa moja hadi Chanika. Mama alifariki mwaka ule wa korona, ndege zikiwa zimesimama. Benjamin aliyaona mazishi kwenye simu ya jirani, picha ikikatika kila mara.

Siku ya kuanua matanga Mzee Romani alisimama mbele ya watu akasema kaburi la mkewe halitajengewa, wala msalaba wa kudumu hautasimikwa, mpaka mwanawe wa kiume aje auweke kwa mkono wake. Watu waliguna, wakaona ni uchungu wa siku zile. Lakini mzee alitafuta gogo la mpingo, akalichonga msalaba, akauzungushia majani ya mkorosho kwa sababu mkewe alizaliwa kwenye mikorosho, akaufunga kwa kanga na kuulaza chumbani. Ndege zilirudi angani, miaka ikapita. Benjamin akawa na sababu nyingine: mara kibali cha kuishi, mara mtoto, mara kazi mpya.

Halafu, mwaka jana, akapiga simu. Wakwe zake walikuwa wanatimiza miaka mingi ya ndoa na walitaka kuwapeleka wote safari ya meli. Watapanda Mombasa, wapitie Zanzibar, washinde siku moja Dar, kisha meli ikate bahari kwenda Morisi. Akamuuliza dada yake kama angeweza kuwapangia ya huku.

Adelina alilia pale pale ofisini. Bi Kubra akamletea chai, akamwambia ofisi nzima ni yake, apange anavyotaka.

Akapanga kwa namna ambayo hajawahi kumpangia mtu. Wiki nzima Dar kabla ya kwenda Mombasa: wakwe walale hoteli nzuri mjini, Benjamin na Anke walale Chanika kwa baba. Alikipaka rangi chumba, akanunua chandarua kipya na kumtafuta fundi wa kurekebisha choo. Siku ya tatu ingekuwa ya kujengea kaburi, baada ya hapo watu wapumzike na mzee amfaidi mwanawe.

Benjamin alishukuru, na baada ya muda mfupi akasema wiki ni nyingi, likizo haitoshi. Adelina akaifanya siku nne. Baadaye Benjamin akasema wakwe wangependa zaidi kukaa ufukweni Diani, si mbali na watakapopandia meli, na si vizuri kuwaacha peke yao. Zikabaki siku mbili. Mwisho siku hizo nazo zikayeyuka, ikabaki ile siku moja ya meli, kama abiria wengine wote. Kila mara Benjamin aliomba radhi kwa sauti ya upole, na kila mara Adelina alikaa tena akaikunja ratiba upya. Wala hakumlaumu. Aliwajua wageni, wanavyopunguza. Ila kumwambia baba ndiko kulikomchosha.

"Hata akija kwa kupita, mie inanitosha," mzee alisema. "Mkono wake tu."

Basi Chanika ikawa ziara ya nchi kavu. Meli ifike asubuhi, Benjamin na Anke na wakwe wapande gari kwenye geti la bandari, waende moja kwa moja. Padri alikuwa amekwisha kulibariki kaburi. Lililobaki ni mkono wa mtoto. Wasimike msalaba, wale, warudi wakiwa na muda wa kutosha. Dereva alikuwa Twalib, ambaye Adelina alimwamini kuliko madereva wote. Kundi lingine la wageni Bi Kubra alilichukua mwenyewe, licha ya miguu yake mibovu.

Siku yenyewe meli ilionekana tangu alfajiri, nyeupe, imesimama nje. Gati lake lilikuwa limekaliwa na meli ya mizigo iliyochelewa kumaliza. Adelina alisimama getini na Twalib, jua likapanda, wauza maji wakapita na kurudi. Alihesabu moyoni na kuhesabu tena. Abiria walipoanza kushuka ilikuwa adhuhuri, na tangazo lilisema wote wawe ndani kabla ya saa kumi na moja jioni. Kama angekuwa mgeni mwingine, angemwambia waziwazi Chanika haiwezekani tena, twende Mwenge. Lakini huyu alikuwa Ben, amenenepa, ndevu zina mvi, anamkimbilia akiwa amenyoosha mikono.

Walikumbatiana mpaka Twalib akageuka pembeni. Anke alimpiga busu, akasema kwa Kiswahili cha kujifunza, "Shikamoo dada," na Adelina akacheka, akaitikia. Wakwe walikuwa wazee wa taratibu wenye kofia.

Walipotoka getini Adelina alimpigia baba kumwambia wako njiani. Nyuma ya sauti ya mzee alisikia kwaya ya jumuiya ikijaribu sauti.

Barabara ya Pugu haikuwa mbaya kama alivyoogopa. Benjamin alikuwa na maneno mengi, akiwaonyesha wakwe kiwanja cha ndege, viwanda, Kiwalani alikokuwa akicheza mpira. Walipofika Gongo la Mboto, Adelina alipiga tena, na mzee akamwamuru fundi akoroge saruji.

Kuanzia hapo Benjamin alianza kunyamaza. Akamuuliza dada yake kuna watu wangapi. Adelina akasema wapo wa jumuiya, majirani, kwaya. Benjamin akasema alidhani itakuwa kitu kidogo cha nyumbani. Akauliza kama atatakiwa kuzungumza. Alikuwa anafuta viganja vyake kwenye suruali, na Adelina alifikiri ni joto.

Mbele ya Pugu Kajiungeni magari yalikuwa yamesimama. Lori la kokoto lilikuwa limepinduka mlimani na kuifunga njia yote, watu wameshuka kwenye magari wanapigana na jua. Twalib alikwenda kuulizia, akarudi akitikisa kichwa. Winchi lilikuwa linatoka mjini. Wakakaa. Mkwe wa kiume alitazama saa yake, akauficha mkono kwa adabu. Adelina alijua kabla ya mtu yeyote kusema. Gari halitafika Chanika na kurudi. Hesabu ilikuwa imekufa.

Lakini pikipiki zilikuwa zinapita. Vijana wa boda walikuwa wanapenya pembeni mwa lori, kwenye majani, wakipakia watu upande wa huku na kuwashusha upande wa pili. Adelina alimvuta Benjamin kando ya barabara.

"Panda boda, Ben. Kutoka hapa si mbali. Nenda kashike ule msalaba, uusimike, umkumbatie baba, urudi hapo hapo. Sie tunageuza taratibu, utatukuta njiani."

"Nikichelewa?"

"Ukichelewa utalala kwa baba yako. Morisi utakwenda na ndege uwakute wenzio. Watu wanafanyaga hivyo, mie mwenyewe nitakupangia."

Benjamin akasema Anke hawezi kukubali, na wakwe watashtuka. Anke alikuwa ameshuka nyuma yao. Aliuliza kwa Kijerumani kuna nini, Benjamin akamweleza, na yule mwanamke hakufikiri hata kidogo. Akamwambia aende. Akasema yeye atawarudisha wazazi wake na dada, na kama akitaka atapanda pikipiki ya pili waende wote.

Adelina alikwisha kunyoosha mkono kumwita kijana wa boda.

Ndipo Benjamin alipomjibu mkewe, kwa Kijerumani, haraka, kichwa kimeinama. Alisema hawezi. Alisema, yule mzee simjui tena, nitasimama mbele yake na watu wote wale wakinitazama, nitamwambia nini? Alisema tangu Zanzibar amekuwa akiomba meli isitie nanga.

Huenda alikuwa amesahau kwamba dada yake anajua lugha ile. Huenda hakusahau. Adelina hakulijua jibu wakati ule, na hata baadaye hakulipata. Mkono wake ulibaki hewani. Kijana wa boda alisimama mbele yao, akauliza wanakwenda wapi.

"Dada, tugeuze tu," Benjamin akasema kwa Kiswahili. "Muda umekwisha."

Adelina alimtazama. Alifikiri kumpiga kofi, kama alivyompiga utotoni alipovunja kinyago cha mteja. Alifikiri kupiga magoti kwenye kokoto zile. Kisha akamwambia Twalib ageuze gari, na aliposema hivyo aliyaona mabega ya mdogo wake yakishuka, taratibu, kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Hilo ndilo lililommaliza. Maneno angeweza kujidanganya kwamba hakuyasikia vizuri. Mabega aliyaona.

Njiani Benjamin alirudiwa na maneno. Aliuliza habari za Twalib, za mpira, akanunua korosho dirishani na kuwagawia wakwe. Anke alikaa nyuma akitazama nje, hakupokea. Getini Benjamin alimkabidhi Adelina mfuko wa zawadi za baba: koti, viatu, miwani ya kusomea. Akamwomba amwambie mzee ni foleni. Macho yake yalikuwa mekundu, na Adelina alijua machozi yale ni ya kweli, jambo ambalo halikumsaidia kitu. Anke alimshika mikono yote miwili.

Simu ya baba ilikuwa imeita mara nyingi. Adelina aliipokea akiwa bado pale getini, akasema, "Baba, tumegeuza. Nakuja." Akakata. Alirudi Pugu na Twalib, lori bado limelala, akapanda boda, yeye peke yake na mfuko wa zawadi mapajani. Safari ilikuwa fupi sana. Kila nyumba aliyoipita ilimwonyesha jinsi ingekuwa rahisi kwa Benjamin kufika.

Jua lilikuwa linashuka alipofika. Watu wengi walikwisha kula na kuondoka, sufuria za pilau zimefunikwa. Akina mama wa kwaya walikuwa wamekaa kwenye mkeka na sare zao za kitenge, wameacha kuimba. Mzee Romani alikuwa amevaa suti yake ya harusini, amekaa kwenye kiti kando ya kaburi, msalaba umelazwa juu ya kanga miguuni pake. Fundi alikuwa amemwomba waumalizie kabla saruji haijakauka, mzee akakataa, akasema watoto wako njiani. Sasa saruji ilikuwa imeganda ndani ya toroli, na fundi alikuwa anaibandua kwa nyundo, akipiga polepole kwa aibu ya kelele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani kageuza gari?"

Alikuwa na njia nzima ya kufikiri atakachosema, lakini hakuwa amefikiri chochote. Akaeleza meli ilivyochelewa, lori lilivyopinduka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Pale Kajiungeni si kuna pikipiki tele? Wewe umekuja na nini?"

Fundi aliacha kupiga nyundo. Adelina aliutazama uso wa baba yake, ulivyokonda, kola ya shati ilivyokuwa kubwa shingoni. Mzee yule alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na katika miaka yote ya kungoja alikuwa amemjenga kichwani hadi akawa mtu mwingine, mtu anayetaka kurudi ila anazuiwa. Akimwondolea huyo, atabaki na nini?

"Ben alitaka kupanda," akasema. "Alishaishika kabisa. Mie ndiye niliyemkataza. Niliogopa meli itamwacha."

"Ulimkataza."

"Ndiyo, baba. Kazi yangu ndiyo hiyo. Siwezi kumwacha mgeni."

Mzee Romani aliinamisha kichwa. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Wewe hukumpenda mama yako," akamwambia.

Wale akina mama walisikia. Walikuwa wamemwona Adelina mwaka mzima akibeba mabeseni ya mama yake, na mmoja wao alifungua mdomo kama anataka kusema, kisha akajifunga kanga vizuri na kutazama chini. Adelina aliweka mfuko wa zawadi kibarazani, akaingia jikoni, akaosha sufuria zote, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Baada ya siku ile mambo hayakutengemaa. Kila Adelina alipokwenda Chanika, mzee alimwitikia shikamoo na kuinuka kwenda shambani. Chakula alichompikia alikikuta palepale. Mvua za vuli zilipoanza, Mzee Romani alifunga nyumba, akapanda basi kwenda Ndanda kwa dada yake bila kumuaga. Habari Adelina alipewa na jirani. Alipopiga simu Ndanda shangazi alipokea yeye, akasema mzee hajambo, amelala, au ametoka kidogo.

Kwa Benjamin, mzee halali mapema wala hatoki. Kila Jumapili wanazungumza, hata nusu saa. Adelina alilijua hilo kwa Benjamin mwenyewe, aliyempigia siku moja kumweleza kwamba baba hana kinyongo naye hata kidogo, amemwambia asijilaumu, kosa ni la dada yake.

"Asante, dada," Benjamin akasema. "Kwa ulivyomwambia."

"Huwezi kumwambia ukweli wewe?"

Adelina aliisikia pumzi yake, na mahali fulani nyuma sauti ya mtoto akiongea Kijerumani.

"Itamuua," akasema.

Ubaya ni kwamba Adelina aliona hivyo hivyo. Aligeuza neno lile huku na huku akitafuta mahali pa kulipinga, hakupaona. Akamwambia sawa, akamsalimia Anke, akaagana naye vizuri.

Bi Kubra aliona. Siku moja alifunga mlango wa ofisi, akamuuliza ana nini siku hizi, mbona hali wala hacheki, akamwambia achukue likizo akapumzike kwa baba. Adelina alishukuru, akasema msimu wa meli umekaribia, kazi ni nyingi. Akarudi mezani. Kulikuwa na swali kutoka kwa mume na mke wa Hamburg waliokuwa wanasafiri na meli ileile mwaka huu. Walitaka kujua kama kuna haja ya kuja mapema na kulala siku chache Dar es Salaam, au kama siku moja ya meli inatosha. Wapangaji wote hupenda swali la namna hiyo, na zamani Adelina alikuwa akilijibu kwa kurasa nzima, akiwasihi waje mapema.

Aliandika kwamba siku moja inatosha, akatuma.